Anayesema "Mimi" Katika Kitabu Ni Nani?

Vijana wetu waliomaliza masomo ya sekondari wanapenda kusoma riwaya, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mara nyingi wanatuletea maswali yanayoonyesha kwamba wamesoma kitabu chote bila kujua ni nani aliyekuwa akisema nao. Wanauliza: "Je, yafaa Mkristu asome kitabu ambamo padri anaiacha parokia yake na kwenda msituni pamoja na waasi, tena anasema maneno mazito juu ya Kanisa? Mtungaji wake si ameikana imani?" Kitabu wanachokitaja ni Entre les eaux, maana yake "Kati ya Maji", riwaya ya V. Y. Mudimbe iliyotoka mwaka 1973. Wengine wamesoma kitabu kingine cha mtungaji huyo huyo, Shaba deux, cha mwaka 1989. Hao wanauliza: "Yule Mama Marie-Gertrude wa Kolwezi, aliyeandika daftari lile wakati wa vita, jamaa zake wako wapi?"

Maswali haya mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana. Wa kwanza amemhukumu mtungaji kwa maneno ya mtu ambaye mtungaji huyo amemtunga. Wa pili anamtafuta duniani mtu aliyezaliwa na kalamu. Wote wawili wameliruka swali ambalo lapasa kuja mbele ya maswali mengine yote: humu kitabuni nani anasema, naye amesimama wapi?

Leo twapenda kulieleza swali hilo taratibu. Si kwa ajili ya mitihani tu. Anayekosa kulijibu aweza kumshuhudia jirani yake uongo, na amri ya nane inatukataza jambo hilo hata jirani akiwa mtunga vitabu. Tena aweza kumwamini mtu asiyestahili, kwa sababu tu anasema kwa sauti tamu.

Mtungaji na msimulizi

Katika masimulizi ya kikao shida hii haiko. Katika vijiji vya Walunda na Wachokwe wa upande wa Kasaji, msimulizi alikaa mbele ya watu penye moto. Kila mmoja alimjua: ni mjomba wa nani, shamba lake liko wapi, ana ugomvi na nani. Alipofika kwenye maneno ya sungura, sauti yake ilikuwa nyembamba; alipofika kwenye maneno ya simba, ilinguruma. Hata mtoto mdogo alijua kwamba mzee si simba, wala hakuna aliyemkamata asubuhi kwa mbuzi walioliwa katika hadithi.

Kitabu hakina uso. Mtungaji amekaa mbali, pengine amekwisha kufa, na sauti tunayoisikia tukisoma si lazima iwe sauti yake. Kwa hiyo wajuzi wa vitabu hutenga watu wawili. Mtungaji ni mtu wa kweli: alizaliwa, alikula, alilipa kodi. Msimulizi ni sauti ambayo mtungaji ameiweka kitabuni ili itupe habari. Pengine sauti hiyo yakaribiana sana na yake. Pengine iko mbali nayo kama mashariki na magharibi.

Tumtazame Mudimbe mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, mji ambao leo twauita Likasi. Alilelewa katika shule za Kanisa, akawa novisi kwa Wabenedikto, akatoka, akasoma sana, akawa mwalimu wa vyuo vikuu kwetu na baadaye Marekani, akafariki mwaka 2025. Hakupata kuwa padri. Lakini anayesema "mimi" katika Entre les eaux ni Pierre Landu, padri aliyesomeshwa Roma, ambaye anajiunga na wapiganaji msituni, na mwishoni twamwona ndani ya monasteri ya Wasisteriani. Ukiziweka habari za mmoja juu ya habari za mwingine, hazilingani. Mtungaji amechukua mambo ya moyo aliyoyajua, ndiyo. Kila mtungaji hukata mbao katika msitu wake. Ila kiti si msitu.

Mfano mwingine twaupata Tanzania. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, jina alilolitwaa katika litania ya Bikira Maria. Humo msimulizi hana jina, wala hasemi "mimi nilifanya". Anaingia nyumbani mwa Rosa, anamwona baba yake Zakaria, anajua yaliyofichika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, Kezilahabi huyo huyo alitoa Kichwamaji, na humo kijana Kazimoto anasema "mimi" tangu mwanzo. Je, mtungaji aligeuka mtu mwingine? Hasha. Amebadili chombo, kama seremala aachavyo msumeno na kushika randa, kwa sababu kazi ya pili ilitaka chombo kingine.

Alama za kumtambua msimulizi

Msomaji atauliza: basi nitamtambuaje? Twaweza kumpa alama nne, na zote ziko wazi katika lugha yetu.

Alama ya kwanza iko mwanzoni mwa kitenzi. Kiswahili kinambandika mtendaji mbele ya tendo lake: nilikwenda, tulikwenda, alikwenda. Tazama msimulizi anajiweka katika lipi. Mfano mzuri ni Matendo ya Mitume. Luka Mtakatifu anasimulia safari za Paulo kwa "yeye" na "wao". Halafu, katika sura ya 16, mara tu baada ya njozi ya Troa, maneno yanageuka kuwa "sisi": msimulizi naye yumo chomboni, anavuka bahari kwenda Makedonia. Baadaye "sisi" inatoweka, kisha inarudi. Msomaji asiyeangalia herufi hizo ndogo atapita tu. Anayeziangalia ataona kwamba shahidi amejionyesha bila kujitaja jina.

Alama ya pili ni kuja na kwenda. Mtu akiandika, "Askari walikuja Kasaji," amesimama Kasaji, au moyo wake uko huko. Akiandika, "Askari walikwenda Kasaji," amesimama pengine, labda mjini, labda ofisini, labda katika nchi nyingine. Tendo ni lile lile. Aliyehama ni msimulizi. Neno hili dogo tutalirudia chini, maana lina uzito mkubwa kwetu.

Alama ya tatu ni maneno kama "kumbe" na "eti". Soma hivi: "Maria akafungua mlango. Kumbe nyumba ilikuwa tupu." Ni nani aliyeshangaa? Msimulizi hakushangaa, kwani alijua habari yote kabla ya kuanza. Mshangao ni wa Maria. Msimulizi ameingia ndani ya macho yake kwa neno moja, wala hakutuambia "Maria alishangaa". Soma tena: "Katekista alikataa, eti hana wakati." Hapa msimulizi amefanya kinyume: ametupa maneno ya katekista huku akijitenga nayo. Aliyezoea kusikia "kumbe" na "eti" kijijini anayo tayari nusu ya elimu hii.

Alama ya nne ni majina wanayopewa watu. Watu wale wale wenye bunduki, huyu anawaita wakombozi, huyu waasi, huyu wavamizi, na huyu "vijana wetu waliorudi". Kabla msimulizi hajasema yuko upande gani, amekwisha kusema.

Wahenga walisema: mwamba ngozi huvutia kwake. Hawakusema ngozi ni mbovu, wala kwamba mwambaji ni mwongo. Walitaka tutazame mkono ulioishika umekaa upande upi.

Kesi ya Paris

Labda mtu atadhani kwamba haya ni mambo ya walimu, wala hayamdhuru yeyote. Basi na asikie habari ya Gustave Flaubert. Kitabu chake Madame Bovary kinasimulia maisha ya Emma, mke wa mganga wa kijijini, mwanamke aliyechoshwa na ndoa yake akaanguka katika uzinzi, na mwisho wake ukawa wa kutisha. Mwanzoni kabisa msimulizi anasema "sisi", kama mmoja wa watoto wa shule waliosoma pamoja na mume wa Emma. Halafu huyo "sisi" anapotea, na habari inaendelea kwa "yeye".

Ugumu uko katika huyo "yeye". Flaubert alikuwa na ufundi wa kuandika mawazo ya Emma bila kuweka "aliwaza hivi" wala "alisema moyoni". Emma anapojifurahisha kwa dhambi yake, furaha hiyo imeandikwa kana kwamba ni habari ya kawaida. Mwanasheria wa serikali, Ernest Pinard, akaona hapo kwamba kitabu chenyewe kinausifu uzinzi, na Flaubert akapelekwa mahakamani Paris. Mwanasheria wake alimtetea, na tarehe 7 Februari 1857 mahakama ikamwachilia. Hata hivyo, mwaka 1864 kitabu kiliandikwa katika orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa, orodha ambayo nguvu yake ya sheria iliondolewa mwaka 1966.

Pinard hakuwa mjinga. Alisoma kwa bidii, akaogopea roho za wasomaji vijana, na hofu hiyo hatuidharau. Lakini alipoikuta furaha ya Emma hakuuliza ni furaha ya nani. Aliisikia sauti ya mke mkosefu, akaiandika kwa jina la Flaubert. Na vijana wetu wanaomhukumu Mudimbe kwa maneno ya Landu wanakaa, bila kujua, katika kiti cha Pinard.

Je, tuseme basi kwamba mtungaji hana lawama kamwe, kwa kuwa daima aweza kujibu, "Si mimi, ni msimulizi wangu"? Hapana. Mtungaji anajibu kwa ajili ya kitabu kizima. Hatumwulizi, "Mbona mtu wako amesema ovu?" bali, "Ulimweka wapi? Uliyaacha maneno yake yazae matunda gani? Ni nani mwingine uliyempa nafasi ya kusema?" Tukilisoma jambo la Landu hivyo, twaona kwamba Mudimbe hakumfanyia padri huyo upendeleo wowote. Landu ana akili nyingi, amejaa vitabu, anapima kila kitu. Lakini mwenyewe hapimi vizuri moyo wake, naye hatulii popote, si parokiani wala msituni. Wenzake wa msituni twawajua kwa macho yake tu, nayo ni macho ya mtu anayejitazama zaidi kuliko anavyowatazama watu. Kitabu hakituambii jambo hilo kwa maneno. Ni juu yetu kulitambua kwa kuona yale ambayo "mimi" huyu hayaoni. Hata Wakatoliki wa Ufaransa walikielewa: mwaka 1975 Entre les eaux ilipewa tuzo kubwa ya Kikatoliki ya vitabu.

Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alipotoa mfano wa mwana mpotevu, alimpa kila mmoja mahali pake. Twaingia katika mawazo ya mwana mdogo alipokuwa na njaa. Twaona huruma ya baba. Mwana mkubwa anasimama nje na kusema kwa kinywa chake mwenyewe, na maneno yake yanasikika kuwa ya haki. Je, kuna mtu amesema kwamba hasira ya mwana mkubwa ni mafundisho ya Bwana? Hakuna, kwa sababu twajua nani amesema. Tena mfano unakoma kabla hatujaambiwa kama aliingia ndani. Msimulizi amenyamaza kwa makusudi, na msikilizaji amebaki mlangoni pamoja na huyo kaka mkubwa.

Daftari la misioni

Hapa twafika penye jambo ambalo lastahili kufikiriwa na wasomaji wa gazeti kama hili. Tukizipanga riwaya kadhaa za Afrika ya Kati zilizo mashuhuri, twaona kwamba nyingi zimechagua msimulizi wa namna moja: mtu anayeandika daftari.

Mwaka 1956 Ferdinand Oyono wa Kamerun alitoa Une vie de boy. Humo kijana Toundi, aliyelelewa na Padri Gilbert misioni, anaanza kuandika mambo ya kila siku kwa kumwiga Padri, aliyekuwa na daftari lake. Padri akifa, Toundi anakwenda kutumika nyumbani kwa mkuu wa serikali, naye anaandika anayoyaona jikoni, chumbani na mezani. Mwaka ule ule Mongo Beti, Mkamerun mwenzake, alitoa Le pauvre Christ de Bomba, daftari la mtumishi kijana aitwaye Denis, anayefuatana na Padri Drumont katika safari za vijijini. Mwaka 1979 Mudimbe alitoa L'Écart, madaftari ya Ahmed Nara. Na mwaka 1989, Shaba deux, daftari la mtawa.

Kwa nini daftari? Sisi twaona sababu hii. Misioni ndiyo iliyowapa vijana wengi kalamu ya kwanza. Waliijifunza ili kuandika katekisimu, imla na hesabu. Lakini daftari, likiisha kuwa mkononi mwa mtu ambaye hana ruhusa ya kusema mezani, linakuwa mahali pake pa kusema. Toundi anashika sahani kimya mbele ya mabwana. Usiku kurasa zake zinasema. Anayetazamwa kama kiti au meza, kumbe ndiye aliyekuwa akitazama. Zawadi ya misioni imekuwa ushuhuda, na pengine ushuhuda juu ya misioni yenyewe. Tusiogope jambo hilo. Aliyemfundisha mtoto kusoma na kuandika asishangae mtoto akimwandika.

Jambo hili halikuwa la riwaya tu. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kulitolewa kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumbani kitabu kidogo cha Kiswahili cha huku kwetu, chenye kichwa cha Kifaransa Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, kilichotungwa na André Yav. Si riwaya, ni historia ya mji. Lakini anayesimulia ni mpishi na mtumishi, na mji unaoonekana ni mji wanaouona hao. Toundi ametungwa, watumishi wa Elisabethville walikuwako. Mahali waliposimama ni pamoja.

Msomaji afahamu pia kwamba "mimi" wa daftari si sawa na "mimi" wa kumbukumbu. Mzee anayesimulia ujana wake anajua mwisho. Anachagua, anapamba, anajisamehe. Anayeandika daftari hajui kesho. Denis wa Mongo Beti anampenda sana Padri wake, anaandika aliyoyaona mchana, na mara nyingi hayaelewi. Msomaji anaelewa kabla yake. Mtungaji amefanya hivyo kusudi: ameficha ukali wake ndani ya usafi wa mtoto. Asiyetambua jambo hilo atadhani kwamba kitabu chote kinasema yale anayosema Denis, naye atakuwa amesoma nusu tu.

Pengine wasimulizi wanawekwa mmoja ndani ya mwingine. Kwa Oyono, daftari la Toundi limeandikwa kwa Kiewondo, na mtu mwingine, aliyemkuta akifa katika Gine ya Kihispania, ndiye anayetutafsiria. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, msimulizi mkuu anaanza kwa habari za mfalme Rai. Kisha Adili anapewa nafasi, naye anamsimulia mfalme jinsi ndugu zake wawili walivyomtendea. Ndugu hao wako pale katika umbo la manyani. Shaaban Robert ametaka tumwamini Adili, nasi twamwamini. Lakini msomaji aliyeamka atajiuliza hata hivyo: mshtaki ana ulimi, washtakiwa ni manyani, je, ingekuwaje kama nyani angesimulia?

Waliokuja na waliokwenda

Swali hilo la nyani linatuleta nyumbani. Nchi yetu imesimuliwa sana, na mara nyingi na watu waliosimama mbali.

Joseph Conrad alipanda mto Kongo mwaka 1890 hadi kwenye maporomoko ya Stanley, yaliko Kisangani ya leo. Mwaka 1899 alitoa katika gazeti la Uingereza hadithi ijulikanayo duniani kote, Heart of Darkness, iliyochapwa katika kitabu mwaka 1902. Humo hakusema kwa sauti yake. Amemweka baharia asiye na jina, naye anamsikiliza Marlow, na Marlow ndiye anayesimulia. Mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nijeria alitoa hotuba Marekani akamlaumu Conrad vikali. Wengine wakajibu: "Dharau hizo ni za Marlow, si za Conrad." Tumekwisha kusema kwamba jibu la namna hiyo laweza kuwa la haki. Lakini Achebe alikuwa amelitazamia: alisema Conrad, pamoja na wasimulizi wake wawili, hakuweka kitabuni mahali pengine popote pa kusimama, ambapo msomaji angeweza kumpima Marlow. Sisi twaona kwamba hapo Achebe amegusa penyewe. Katika kitabu hicho Wakongomani wamepewa maneno machache sana. Kosa haliko katika kumchagua mgeni asimulie. Mgeni naye ana macho. Kosa ni kuufunga mlango ili asiingie mwingine.

Na sasa tuje karibu zaidi. Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji wa FNLC walivuka mpaka kutoka Angola, wakaifuata reli: Dilolo, Kasaji, Mutshatsha. Kasaji ilikuwa mikononi mwao hadi mwezi wa Mei, askari wa serikali walipoirudia, wakisaidiwa na askari wa Moroko. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji waliingia Kolwezi yenyewe. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Walikufa mamia ya watu, weusi na weupe.

Habari hiyo ilipata kitabu cha Pierre Sergent, na mwaka 1980 filamu ya Raoul Coutard, vyote viwili kwa jina la La Légion saute sur Kolwezi. Lipime jina hilo kwa alama zetu. Mtendaji ni nani? Ni Lejioni. Inafanya nini? Inaruka. Kolwezi je? Kolwezi ni mahali pa kurukiwa. Katika jina hilo aliyesimama chini na kutazama juu hayumo. Hatusemi kwamba wasimulizi hao ni waongo. Walisimama katika ndege, nao wakaona kinachoonekana kutoka ndegeni.

Mudimbe aliusimulia mwaka ule ule wa 1978, ila alihamisha miguu ya msimulizi. Alimshusha chini, ndani ya Kolwezi, ndani ya nyumba ya watawa, akampa kalamu mwanamke mmoja Mwafrika aliyevaa kanzu ya utawa. Mama Marie-Gertrude haoni vita kutoka juu. Anaandika siku baada ya siku bila kujua kesho, kama kila mwandika daftari. Yuko kati ya Masista wa Ulaya na watu wa nchi yake, na ni wa pande zote mbili. Msimulizi wa namna hiyo hawezi kutuambia nani alishinda. Aweza kutuambia jinsi saa inavyokuwa ndefu pale ambapo hujui nani atagonga mlango. Na daftari lina jambo moja lisiloweza: haliwezi kusimulia kifo cha mwenyewe. Msomaji anayelijua hilo atasoma kila ukurasa kwa hofu, kwa kuwa kila ukurasa waweza kuwa wa mwisho.

Basi twamjibu aliyeuliza habari za jamaa za mtawa huyo: ni wa riwaya. Mtungaji wake ni mwanamume, mwalimu wa chuo kikuu, aliyemwazima mwanamke sauti yake na kumwazima yeye yake. Je, kwa hiyo kitabu si cha kweli? Usikitumie kama hati ya kuhesabia wafu au kumtambulisha muuaji. Kwa kazi hiyo tafuta mashahidi waliokuwako. Lakini kwa kutufundisha jinsi mtu mmoja aliyesimama pale alivyoweza kuona, kina ukweli wake, kama mfano wa mwana mpotevu ulivyo na ukweli wake ijapokuwa hakuna aliyetafuta zizi alimochinjwa yule ndama.

Wasomaji wapendwa, mkifungua kitabu, ulizeni maneno matatu kabla ya kusifu na kabla ya kulaani. Nani anasema? Amesimama wapi, naye anaweza kujua nini kutoka hapo? Ni nani yuko ndani ya habari lakini hakupewa kusema? Swali la tatu ndilo zito, na halijibiwi kwa kusoma tu. Wako Kasaji, Mutshatsha na Dilolo wazee waliokuwa vijana mwaka 1977. Wanaposimulia habari zile hawasemi "askari walikwenda", wanasema "walikuja". Kijana mwenye kalamu na akae karibu nao, aandike jina la msemaji, siku aliyosema na mahali aliposimama wakati wa mambo yale. Siku akitaka kutunga riwaya, na amchague msimulizi wake kwa haki, wala asimpe ulimi mshtaki peke yake.